Baba Mkwe Alitaka Kujiona Kwenye Boneti

Mlionifuata tangu mwanzo mnakumbuka nilipoishia wiki iliyopita: nimekaa sebuleni kwangu, tangi la maji limekaa kwenye sofa, na juu yetu kuna tundu la kuonea mawingu. Fundi alikuwa ameanza kuniambia kwamba dari lile halibebi tangi. Sikumwacha amalize.

Mnaoanza leo msihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Yote yaliyotangulia ni jambo lilelile: mtu anafungua mdomo kunionya, mimi namkata maneno, halafu kitu kinaanguka. Ilianguka pikipiki, ukaanguka ukuta wa jirani, likaanguka dari.

Mke wangu hakuondoka kwa sababu ya dari. Alinieleza vizuri kabisa, amesimama mlangoni, begi mkononi.

"Dari linajengwa," alisema. "Mimi nimechoka kuongea na mtu ambaye miaka saba hajawahi kufika mwisho wa sentensi yangu. Siku utakayomsikiliza mtu mpaka amalize, mtu yeyote yule, njoo unichukue kwa baba."

"Lakini mke wangu, mimi huwa—"

"Umeona?"

Akaenda zake.

Wiki tatu nilikaa peke yangu. Nilimkumbuka mno, sina haja ya kuficha. Nilikuwa nalala upande wake wa kitanda ili upande mtupu uwe wangu.

Alhamisi nikajipiga moyo konde, nikaenda ukweni.

Baba mkwe wangu ni mkaguzi mstaafu wa mizani. Miaka thelathini alizunguka madukani na mawe yake ya kupimia, akiwakamata wauza sukari wanaoiba gramu. Mtaa mzima unamwita Mzee Mizani, na yeye jina hilo analivaa kama nishani. Akikwambia kitu ni kilo moja, usipoteze muda kupima.

Nilimkuta uani, amesimama mbele ya gari lake. Turubai alikuwa amelivua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Dari limepona?"

Nikageukia matairi ya gari.

Mama mkwe alipita na beseni la nguo. Nikamwamkia, akaitikia akiwa anatazama beseni. Halafu akamuuliza mke wangu, aliyekuwa jikoni, "Huyo bwana amekula?" Miaka saba jina langu kwake ndilo hilo. Si kwamba ananichukia. Ni mwanamke wa maneno machache, na mimi nilikuwa sijapata hata moja.

Gari lenyewe mnapaswa kulijua. Ni jeusi, la kizamani, refu, lenye pua. Mzee alilipata mwaka aliooa, na linatoka uani kwa harusi na misiba tu. Jumamosi hii lilikuwa limpeleke shemeji yangu mdogo kwenye ndoa yake. Lakini weusi wake ulikuwa umechoka, umepata ukungu kama macho ya mtu mwenye mtoto wa jicho.

"Nafikiria nilipeleke mjini wakalipige nta," Mzee akasema.

Hapo, wasomaji wangu, mtu mwenye akili angesema "wazo zuri, baba" na kuomba maji ya kunywa.

"Usimpe mtu gari hili, baba," nikasema. "Rangi ndiyo kazi yangu."

"Wewe unauza rangi za kuta."

"Rangi ni rangi, baba."

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko, akanitazama, akarudi.

Mzee akazunguka gari lake mara moja, mikono nyuma. "Unajua hili gari nililipataje?"

Najua. Wote tunajua. Hata mjumbe wa nyumba kumi anajua.

"Nililitoa dukani na nailoni kwenye viti. Hakuna makalio yaliyotangulia ya kwangu. Sio wewe, hata friji umenunua iliyokwisha kugandisha nyama za watu wengine."

"Ndiyo, baba."

"Sasa sikiliza." Akazipapasa sharubu zake nyeupe, ambazo anazitunza kuliko bustani. "Kesho nakwenda kwa fundi kuchukua suti, nipite na kwa kinyozi. Nikirudi, saa sita na nusu, nataka nijione kwenye boneti. Sharubu, unywele mmoja mmoja. Nikijiona, mimi mwenyewe nitamwambia binti yangu arudi nyumbani kwake."

Kutoka jikoni ikaja sauti ya mke wangu: "Baba, mimi nina sharti langu."

"Lako litafuata!"

Nikatoka pale nimevimba kichwa. Masharti mawili, moja la kung'arisha gari, jingine la kufunga mdomo. Nikajiambia nianze na lile rahisi.

Dukani kwa Mama Vipuri kuna kila kitu cha gari isipokuwa gari. Mwenyewe ana miwani iliyofungwa kwa uzi wa kiatu, na anaulizia gari lako kama daktari anavyoulizia tumbo.

"La rangi gani?"

"Jeusi."

"La lini?"

"La zamani. Limemzidi mke wangu umri kidogo."

"Limewahi kupigwa rangi upya?"

Nikacheka. "Halijawahi. Lilitoka dukani na nailoni kwenye viti."

"Wote husema hivyo," akasema, na kuweka vitu vitatu juu ya kaunta.

Cha kwanza kilikuwa kikopo kidogo chenye nta ya njano, ngumu kama sabuni. "Hii inatoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi, nchi za mbali. Kwa gari jeusi hujapata nyingine. Haidumu, mvua chache inaondoka, lakini weusi unapata kina, unaweza kudhani ukitia mkono utazama. Unapaka kwa mkono, nyembamba, kivulini. Unasubiri ikauke, unafuta, unarudia."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Tatu kama unampenda baba mkwe wako."

Cha pili kilikuwa chupa. "Hii ya maabara. Inakaa miezi sita, inang'aa kama kioo, ila mng'ao wake uko juu juu. Kwa gari jeupe ningekupa bila kufikiri."

Mimi sikuwa nasikiliza tena. Nilikuwa natazama cha tatu. Kopo kubwa, kifuniko chekundu, na juu ya kifuniko picha ya mwanamume aliyesimama mbele ya gari jeusi, wembe mkononi, anajinyoa huku akijitazama kwenye boneti. Kaacha sharubu.

Sharubu! Nikaona ni Mungu mwenyewe ananionyesha.

"Na hiki?"

"Hicho waachie mafundi. Nta yake ina kisuguzi ndani, kama mchanga laini usioonekana. Inakwangua rangi iliyochoka halafu inaacha mng'ao. Kabla ya kuigusa lazima ujue rangi yako. Chukua kitambaa cheupe, tia nta kidogo, sugua mahali pamoja pa kujificha. Magari ya siku hizi yana klia juu ya rangi, kama varnishi juu ya meza, kwa hiyo kitambaa kinatoka na taka kidogo tu. Sasa kitambaa kikitoka cheusi—"

"Ni uchafu," nikasema. "Najua, mama. Nimekaa kwenye rangi miaka mingi."

Akanitazama juu ya miwani. "Nilikuwa nasema kwamba—"

"Nifungie hilo kubwa."

Akanifungia. Alinirudishia chenji yangu polepole, kama mtu anayempa mgeni pole ya msiba ambao mgeni mwenyewe hajausikia. Leo naelewa uso ule. Siku ile nilidhani ni heshima.

Ijumaa saa mbili asubuhi Mzee aliondoka kwa miguu, na mimi nikavua shati.

Niliosha gari vizuri, hilo mnipe. Nikalikausha. Kulikuwa na kivuli kizuri upande wa ukuta, lakini nikalisukuma mpaka katikati ya ua, kwenye jua, kwa sababu mlango wa jikoni unatazama katikati ya ua na mke wangu alikuwa jikoni. Nilitaka anione nikitoka jasho.

Nikatia nta kwenye kitambaa cheupe. Nikasugua mlango mara tatu, nne, nikageuza kitambaa.

Cheusi ti.

Furaha niliyoipata, sijui niwaelezeje. "Mke wangu!" nikaita. "Njoo uone uchafu wa baba yako!"

Akaja akikausha mikono kwenye khanga. Akashika kitambaa, akakinusa. "Gari hili linaoshwa kila Jumapili."

"Kuosha ni kuosha. Huu ni uchafu wa ndani. Umelala humu tangu hujazaliwa."

"Mbona hauna vumbi? Unaonekana kama—"

"Ni wa zamani. Ukishazeeka vumbi linaisha."

Akanirudishia kitambaa, akarudi jikoni. Nilipaswa kuuogopa mgongo ule.

Nikasugua milango, nikasugua mabawa juu ya matairi, nikasugua buti. Kila kitambaa kikijaa nilikitundika kwenye kamba ya nguo, ili mahakama ione ushahidi. Nikafikisha saba. Mama mkwe alitoka kuanika shuka, akatazama kamba yake, akarudi ndani na shuka.

Na gari liling'aa, jamani! Hilo ndilo linaloniuma. Ule ukungu wote uliondoka, weusi ukashuka chini, ukawa na kina. Niliona mawingu yakipita kwenye mlango. Nilijiona mwenyewe, na pua kubwa kuliko niliyozoea.

Sehemu moja tu ilinisumbua. Mlango wa mbele wa kushoto, chini ya kitasa, vidole vyangu vilikuta kinundu, mahali padogo kama ncha ya kidole gumba, pamekwaruza kama punje zimenasa ndani ya rangi. Nikadhani ni kosa la kiwandani. Nikapasugua kidogo, hapakulainika, nikapaacha.

Saa tano mke wangu aliniletea maji. Akatazama gari, akatazama vitambaa saba kwenye kamba, akanitazama mimi, kifua wazi, nimepakaa weusi mpaka masikioni. Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa karo.

Wiki tatu sikuwa nimesikia kicheko kile. Kidogo nilie.

"Profesa wewe," akasema. Watu wakiniita hivyo huwa wananitukana. Yeye siku ile hakunitukana.

"Nyumbani dari limezibwa," nikamwambia. "Fundi alinieleza jinsi ya kuweka mbao, nikamsikiliza karibu nusu."

"Nusu ni hatua." Akachezea gilasi tupu. "Lile begi langu sijalifungua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofika. Natoa nguo moja, nafua, nairudisha."

Akarudi jikoni haraka, kama aliyetoa siri kwa bahati mbaya. Nikabaki pale, na moyo wangu ukafanya mambo ambayo kwa umri wangu ningepaswa kumwona daktari.

Ilibaki boneti peke yake. Mzee alitaka unywele mmoja mmoja. Mimi, kwa furaha ile, nikaamua kumpa mpaka vinyweleo.

Nikakimbia kwa fundi seremala wa nyumba ya tatu kuazima drili, nikaifunga kichwa cha sponji. Fundi alianza kusema kitu kuhusu kasi ya mashine ile. Nilikuwa nimeshafika getini.

Nikapaka nta ya kopo jekundu boneti nzima. Jua lilikuwa utosini, nta ikakauka kabla sijaweka kopo chini. Nikawasha drili.

Ilinguruma vizuri. Nikapita katikati, nikapita pembeni, nikafika kwenye ule mgongo unaokata boneti katikati, nikakaza. Pakatokea alama ya njano. Nikajiambia ni nta haijafutika vizuri, nikaongeza kasi. Alama ikakua ikawa kama sarafu. Nikakaza zaidi. Ikawa kama kiganja.

Nikazima drili.

Nikafuta kwa kitambaa. Haikufutika. Nikafuta kwa mate. Nikainama nikaitazama kwa karibu, na hapo ndipo maneno ya Mama Vipuri yalipoamua kujimalizia yenyewe kichwani mwangu, siku nzima baadaye. Kitambaa kikitoka cheusi, basi si uchafu. Ni rangi yenyewe. Gari halina klia, na wewe unalichuna.

Vitambaa saba kwenye kamba ya nguo. Nilikuwa nimetundika gari la baba mkwe wangu kwenye kamba, likikauka.

Chini ya weusi kulikuwa na rangi nyingine, ya manjano hafifu, ya samli. Sikujiuliza imetoka wapi. Niliwaza mambo matatu tu: sharubu, saa sita na nusu, begi lisilofunguliwa.

Nikaingia ndani kwa kunyata, nikachukua dawa nyeusi ya viatu ya Mzee na brashi yake, nikarudi, nikapiga magoti mbele ya boneti, nikaanza kulipiga gari kiwi kama kiatu cha askari.

"Wewe."

Nikageuka. Mama mkwe amesimama nyuma yangu na ile shuka yake mkononi.

"Naam, mama."

"Ondoa mkono."

Nikauondoa. Dawa ilikuwa imefunika nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa inawaka pale juani, njano.

Hakupiga kelele, nami kelele ndizo nilizojiandaa nazo. Alishuka polepole, akaweka vidole vyake vibichi vya kufulia juu ya alama ile, akavitembeza.

"Rangi ya samli," akasema.

"Mama, hii nitairekebisha, kuna mtu namjua ambaye—"

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Mke wangu alikuwa ametoka mlangoni, ananitazama mimi, hatazami gari.

"Kabla ya baba yao," mama mkwe akasema, bado anatazama vidole vyake, "nilikuwa nimechumbiwa na mtu mwingine. Mpima ardhi. Alikuwa na gari la rangi hii. Pale tulipokuwa tunakaa halikuwepo la pili."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba kiwanda hakichanganyi ndoo ya rangi kwa ajili ya gari moja. Mke wangu akaniinulia kidole kimoja. Nikaufunga.

"Mwezi mmoja kabla ya harusi akaondoka. Hakuaga. Rafiki yake ndiye aliyeniletea habari. Alikuja kwa miguu, jua kama hili, akakaa barazani kwa mama, akasema mwenzake amevuka mpaka na gari lake, ana mwanamke huko. Nililia mwaka mzima. Yule rafiki akawa anakuja kunijulia hali kila Jumapili. Hakukosa hata moja."

Sikuuliza rafiki huyo ni nani. Hata mimi, na kichwa changu hiki, nilifika kwa Mzee.

"Tulipooana akaja kunichukua na gari jeusi. Nailoni kwenye viti. Niliona fahari. Nilikaa na nailoni ile ikinichoma mapaja, sikuthubutu kuitoa."

Nilikuwa na maelezo sita ya kumtetea Mzee. Huenda yule mtu aliliuza gari. Huenda lilipita mikono mitano. Huenda Mzee hakujua. Yote sita yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya meno yangu, na nikayazuia, moja moja, mpaka taya zikauma. Ni mara ya kwanza maishani. Naandika hapa iwe kumbukumbu.

"Kuna njia ya kujua," akaendelea. "Mlango wa kushoto, chini ya kitasa. Siku moja nilikuwa nimekaa namsubiri, nikachora ua kwa rangi ya kucha. Jekundu. Petali tano. Ya tano ilikwenda upande kwa sababu alikuja akanichekesha. Alikataa kulifuta. Kama hakuna kitu pale, basi hili ni gari jingine, nitamwomba mume wangu radhi moyoni mwangu, nawe endelea na dawa yako ya viatu. Sugua."

Vidole vyangu vilishajua. Punje zilizonasa, mahali padogo kama ncha ya kidole gumba.

Ningeweza kudanganya. Nawaambia ukweli kwa sababu hii safu ni ya kutubu: niliwaza kusugua mlango wa nyuma. Niliwaza kusema, mama, tazama, hakuna kitu. Nimalizie kiwi, Mzee aone sharubu zake, nimchukue mke wangu leo hii. Kesho watu wacheze harusi. Nani angejua?

"Umemsikia mama?" mke wangu akaniuliza.

"Nimemsikia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Macho yake yalikuwa yamejaa, sikujua ni kwa ajili ya mama yake, ya baba yake, au yangu. "Basi fanya alivyosema."

Nikachukua kitambaa cha mwisho, cha nane, nikatia nta ya kopo jekundu. Nikapiga magoti penye mlango wa kushoto, nikasugua chini ya kitasa. Polepole, kwa mkono, kama Mama Vipuri alivyosema watu wenye akili wanavyofanya.

Kitambaa kikawa cheusi. Nikageuza upande. Vichwa vya punje vikatangulia kutokea, vitone vyekundu vidogo katikati ya weusi. Nikaendelea. Weusi ukarudi nyuma, samli ikatokea kuvizunguka vitone vile, na vitone vikaungana.

Petali moja. Mbili. Ya tatu na ya nne zimekaa sawasawa. Ya tano imekwenda upande.

Mama mkwe hakulia. Aliweka ukucha wake juu ya ile petali ya tano, ukucha mfupi, mweupe kwa sabuni, usio na rangi yoyote. Akauacha hapo.

Geti likalia.

Mzee Mizani aliingia na suti yake kwenye hanga, begani, ananukia pafyumu ya kinyozi. Sharubu zilikuwa zimechongwa vizuri kama nyasi za ikulu. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa nami nimesimama wima haraka, mgongo kwenye mlango, kitambaa kimefichwa nyuma. Kutoka getini Mzee aliona ubavu wa gari lake unametameta juani, mawingu yanapita ndani yake, na kamba yake ya nguo yote.

Akasimama. Akapiga mluzi.

"Mkwe wangu!" Hajawahi kuniita mkwe wake kwa sauti ile. "Haki ya nani, sikukutegemea! Hata siku nilipolitoa dukani halikuwa hivi!"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmenuna? Binti yangu! Chukua begi lako, mwende. Mimi nimeridhika!"

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameshaingia ndani na kutoka, begi analo mkononi, amesimama kizingitini. Sikuweza kujua kama alilileta ili twende, au alilishika tu kwa sababu mtu katika saa kama ile anahitaji kitu cha kushika.

Mzee akawa anakuja, anatabasamu, ananyoosha ncha za sharubu tayari kwa kujitazama. Hatua kumi. Hatua nane. Kati yake na lile ua nilikuwa mimi, tumbo langu, na kitambaa cheusi.

Mama mkwe akainuka. Akajipangusa magoti. Akanigusa bega, na akaongea nami moja kwa moja, kwa upole ambao miaka saba sikuwahi kuupata.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Mpishe ajione."